Chembe, Punje na Tone

Vitabu vingi vya sarufi, vinapofika kwenye mada ya udogo wa nomino, hutoa jedwali la kiambishi ki-/vi-: mto huwa kijito, mji huwa kijiji, ndege huwa kidege. Mwanafunzi hukariri, hufanya zoezi, hupata alama. Jedwali hilo ni sahihi, ila hufundisha nusu ya jambo. Kiambishi ki- hupunguza kitu chenye umbo na mipaka yake. Kijito kina chanzo na mkondo kama mto. Kilichopungua ni ukubwa tu.

Vitu visivyo na mipaka havipunguzwi hivyo. Mwalimu tarajali na ajaribu mwenyewe. Akiweka ki- mbele ya sukari atapata kisukari, ambacho ni ugonjwa. Akitafuta mchanga mdogo atakutana na kichanga, yaani mtoto aliyezaliwa karibuni. Kiunga ni shamba la miti ya matunda, au kitongoji kilicho pembezoni mwa mji, wala si unga kidogo. Najua kwamba mashina ya baadhi ya maneno haya hayana udugu wowote; ninachosema ni kwamba nafasi zimekwisha kushikwa. Hapo lugha haitaki kiambishi. Inataka neno zima.

Neno hilo huchaguliwa kwa kuitazama asili ya kitu. Nafaka ina punje: punje ya mahindi, punje ya mtama. Mchele uliovunjika ni chenga. Kimiminiko kina tone, moto una cheche, mti una kibanzi. Chembe ndiyo pana kuliko zote, kwani hufaa chumvi, mchanga, vumbi, hata shaka. Ngeli ya U- nayo ina kazi yake hapa, maana huchomoa kimoja kutoka katika wingi: unywele katika nywele, ushanga katika shanga, ukuni katika kuni. Na katika kirai cha namna hii, neno la kiasi ndilo linalotawala upatanisho: tone la maji limeanguka, si yameanguka.

Sijaona mahali panapoonyesha utajiri huu wazi zaidi kuliko Buteba, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Eneo hilo lina wachimbaji wadogo wa dhahabu (wadogo kwa mtaji, si kwa kimo, kivumishi hiki nacho kingestahili somo lake). Jiwe hupondwa likawa vipande, vipande vikawa changarawe, changarawe ikasagwa ikawa unga. Unga huoshwa kwa maji, na kinachobaki kiking'aa katikati ya mchanga mzito ni chembe. Kisha hutiwa zebaki. Zebaki ni metali, lakini kwa kuwa hutiririka, Kiswahili huihesabu kwa matone. Hukusanya chembe zikawa donge. Donge likichomwa, zebaki, ambayo ni sumu, hupaa kwa mvuke na kuiacha dhahabu. Mwishoni mizani ya mnunuzi husoma pointi, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu. Kitu ni kilekile, lakini kila hatua ina neno lake, na mwenye kukosea neno anaweza kukosea bei.

Watoto wa wachimbaji hao huja shuleni wakiwa na Kiteso, Kisamia, na mara nyingi Kiganda cha sokoni. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la msingi huko, nikimtazama mwanachuo wangu akisahihisha insha. Mtoto alikuwa ameandika: “Bibi aliniomba tumaji.” Mwanachuo alilikata neno kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: kimaji. Mtoto alilitazama sahihisho lile, akafunga daftari, na kwa muda wote uliosalia hakunyoosha mkono tena.

Sahihisho lilikuwa baya kuliko kosa. Mtoto hakubahatisha. Katika Kiganda, amazzi ni maji, na otuzzi ni maji kidogo sana. Ngeli ya tu- imewekewa kazi hiyohiyo ya kutaja kiasi kidogo cha kitu kisichohesabika. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo. Mtoto aliona pengo akaliziba kwa kanuni halali ya lugha nyingine ya Kibantu, jambo ambalo hata upande wa Kenya hulisikia mtaani. Alichohitaji kuambiwa ni kwamba Kiswahili hulijaza pengo hilo kwa njia nyingine: maji kidogo, au tone la maji. Kimaji hakimpi lolote.

Neno kidogo nalo lifundishwe kwa uangalifu. Samaki mdogo ni wa kimo, samaki wachache ni wa idadi, samaki kidogo ni wa kiasi, kama vile mnofu uliobaki sahanini. Katika matumizi haya ya tatu kidogo halibadiliki kufuata ngeli, kwa hiyo ni maji kidogo na chumvi kidogo. Anayesema maji madogo amechukua kanuni ya kimo akaipeleka kwenye kiasi.

Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, makosa haya yana uzito mpya, kwa kuwa mtoto yule ndiye atakayemtafsiria bibi yake maelezo ya muuguzi. Maji ya kumpa mtoto anayeharisha hutengenezwa nyumbani kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi, humdhuru mgonjwa. Mkalimani mdogo akisema “tia chumvi kidogo”, sarufi yake itakuwa safi kabisa, na bibi atachota kwa kiganja.