Mtoto Ugenini kwa Msimu Mmoja

Dada yangu anaishi London. Si ile ya Uingereza, bali mji wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16, alitakiwa na timu ya vijana ya hoki ya barafuni katika mji mwingine. Dada alinipigia simu kutaka rai yangu, kwa kuwa mimi ndiye mjomba.

Ilinilazimu kwanza kulifahamu jambo lenyewe. Mchezo huo huchezwa kwa magongo na kisahani kigumu cha mpira, wachezaji wakiteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma. Ligi kuu ya vijana ya huko, Ligi ya Hoki ya Ontario, huchukua vijana wa miaka 16 hadi 20. Kila timu hucheza mechi 68, kuanzia Septemba hadi Machi, kabla ya mtoano. Kijana atokaye mbali hukaa kwa familia ya wenyeji iliyotafutwa na timu, husoma shule ya mji huo, na husafiri kwa basi. Kutoka London hadi Sault Ste. Marie ni zaidi ya kilomita 600. Timu iliyomtaka mpwa wangu ilikuwa ya ligi ya chini yake, lakini utaratibu wa kukaa kwa wenyeji ni ule ule.

Shemeji alikataa. Alihofia chakula, sala na marafiki. Dada akamtajia Nazem Kadri, Mwislamu mwenye asili ya Lebanon, mzaliwa wa mji wao huo. Alipitia ligi hiyo katika timu za Kitchener na London, mwaka 2022 akatwaa Kombe la Stanley na Colorado, kisha akalipeleka msikitini London.

“Huyo tumemwona,” shemeji alijibu. “Wale ambao hawakufika popote, nani anawahesabu?”

Neno hilo lilikuwa na uzito, nami sikulipinga. Niliwashauri tu wasitoe jibu kabla ya kuonana na wenyeji hao ana kwa ana.

Wakaenda. Mama mwenye nyumba, Mkristo mtu mzima aliyekwisha kulea vijana kadhaa wa timu, alitoa daftari akaandika: nguruwe hapana, nyama ya halali ataileta mama mzazi, mahali pa kuswalia ni chumba cha juu. Shemeji akalainika, akaweka sharti moja: simu kila usiku baada ya Isha.

Msimu ulikuwa mgumu. Kijana alikaa benchi mechi nyingi, na timu haikufuzu mtoano. Ramadhani ilipowakuta katika mechi za mwisho, aliniuliza kuhusu safari za basi. Nikamweleza ruhusa ya msafiri na wajibu wa kulipa. Aliitumia siku mbili. Siku nyingine alifunga, na mama yule alimwekea daku mezani kabla ya kwenda kulala.

Sasa kijana anataka kurudi. Shemeji hajakubali wala kukataa, ila swali lake la kwanza limekuwa iwapo mama yule atampokea tena.

Nasi tunaopeleka watoto bweni au kwenye vituo vya soka, mtoto ni amana. Kabla ya kuuliza kuhusu mataji, tuijue nyumba atakayolala na tumwone kwa macho atakayemfungulia mlango.