Kufuli la zipu lilinidanganya

Mwaka jana nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, begi likiwa kwenye buti. Vichwa viwili vya zipu nilikuwa nimevifunga pamoja kwa kufuli. Kufika Nairobi, kufuli liko sawa, zipu imefungwa, lakini diski yenye kazi ya mteja haimo. Nikaamini nimeisahau Mombasa.

Baadaye mwenzangu kazini akanionyesha. Ukidunga zipu ya nailoni kwa ncha ya biro, meno yanaachana. Ukimaliza kuiba, unavuta vile vichwa, kufuli likiwa juu yake, vipite palipofunguka, na meno yanashikana tena. Jaribuni na begi kuukuu mtaona.

Siku hizi kufuli langu nalipitisha pia kwenye pete iliyoshonewa begini, ili vichwa visisogee. Mwizi bado ataweza kufungua, ila kufunga hataweza. Ni kama kumbukumbu za seva: hazimzuii mdukuzi, lakini utajua alipita.

Na diski? Data nazisimba kwanza, kisha naipakata hadi Nairobi. Kwa mteja nililipa kwa kuandika programu upya, wiki tatu bila malipo.