Kutoka Mamboleo Hadi Bondo: Viwanja vya Ufuoni mwa Ziwa

 

Kutoka Mombasa hadi Bondo, kwa njia ya Nairobi na Kisumu, ni takriban kilomita 900. Katika mwendo wote huo binti yetu, aliyekuwa akienda kuanza masomo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, hakuuliza habari za bweni wala za chakula. Aliuliza jambo moja tu, tena tulipokwisha kuipita Nakuru: je, huko chuoni kuna mahali ambapo wasichana wanaweza kucheza mlango ukiwa umefungwa?

Tulitazamana. Tulikuwa tumebeba ndoo, godoro, mashuka, msala na kilo mbili za kashata; la mlango hatukulifikiria.

Swali hilo lina chanzo chake. Alipokuwa kidato cha pili alichezea shule yake mpira wa kikapu, na tulikuwa tukienda kumtazama bila ya kuelewa mengi. Katika mashindano fulani mwamuzi alimwamuru avue mtandio au atoke uwanjani. Alitoka. Hakulia mbele ya wenzake. Alilia nyumbani, na tangu siku hiyo viatu vyake vya kuchezea vilikaa uvunguni mwa kitanda. Baadaye ndipo tulipojua kwamba Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu lilikwisha kuruhusu hijabu tangu tarehe 1 Oktoba 2017, na kwamba katika soka FIFA iliiruhusu mwaka 2014. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa amejistiri, ulimwengu mzima ukimtazama. Huenda mwamuzi yule hakuijua kanuni. Lakini nasi tuliokuwa tumeketi pale pembeni hatukuijua, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Baada ya Kericho na mashamba yake ya chai, barabara huteremka hadi nchi tambarare ya Kano, kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Hewa hubadilika ikawa na joto tunalolijua sisi watu wa pwani, ila haina chumvi. Tuliingia Kisumu jua likielekea kuchwa, tukafikia Kaloleni, mtaa wenye jina lile lile la Kaloleni yetu ya Kilifi, kwa shangazi yake binti aliyeolewa huko miaka mingi. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na wenye dini yetu na lugha yetu hawakuchelewa kuifuata. Usiku ule tulipotandika misala, shangazi alituzuia. Mombasa kibla chetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja; Kisumu, iliyo magharibi zaidi, inampasa mtu ageuke kidogo mkono wa kulia, kuelekea mashariki ya kaskazini. Ni digrii 13 hivi, wala si nyingi, lakini kwa mwenye mazoea ya miaka hamsini ni safari nyingine.

Kesho yake tulipelekwa kuuona uwanja wa Mamboleo. Uwanja huo wa kimataifa, wenye jina la Jomo Kenyatta, huchukua watu 30,000, na ndipo ilipoadhimishwa Siku ya Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Tarehe 18 Oktoba 2025 uliwapokea watu wa namna nyingine: mwili wa Raila Odinga uliletwa hapo ili watu wa ziwani wamuage. Umati ulikuwa mkubwa mno, na baadhi yao waliumia katika msongamano. Shangazi alikuwapo. Hakumlaumu mtu yeyote alipokuwa akitusimulia. Alisema tu kwamba siku hizi, akienda harusini au uwanjani, hutazama kwanza milango ya kutokea iko wapi, ndipo atafute pa kuketi.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, sisi tukiwa tumesimama kando ya barabara. Shangazi hana ugomvi na mchezo wenyewe. Ugomvi wake ni macho ya watu. Uwanja wa wazi, alisema, hauna pazia. Mtoto wa kike akiruka hapo, kila mpita njia ni mtazamaji. Wapo wanazuoni wanaoshikilia hivyo, na hatukuwa na haja ya kumbishia mkubwa wetu. Binti alimsikiliza kwa adabu, kisha akamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), safari moja Bibi Aisha akashinda, safari nyingine akashindwa. Shangazi akamjibu kwamba katika safari ile watu walikuwa wametangulizwa mbele, hakuna aliyebaki kutazama.

“Ndiyo maana naulizia mlango, shangazi,” binti akasema.

Kwa kweli hatukuwa tumelitazama jambo hilo kwa jicho hilo. Sisi tulidhani ukumbi mkubwa wa michezo ni fahari ya chuo, kitu cha kupigia picha. Garini, tukielekea Bondo, binti alitupa somo. Sakafu ya mita 40 kwa 20 inatosha mpira wa mikono. Juu ya sakafu hiyo hiyo huchorwa kwa rangi nyingine kiwanja cha kikapu, mita 28 kwa 15, na kwa rangi ya tatu kiwanja cha voliboli, mita 18 kwa 9. Asubuhi mechi, mchana mtihani, jioni mahafali. Tukaanza nasi kupiga hesabu: mita za mraba 800, na mwenye kuswali huhitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja na robo hivi. Basi siku ya Idi yenye mvua watu zaidi ya 1,000 wanaswali humo bila ya kulowa. Wenyeji wa Mombasa mnaifahamu Makande, ambako timu za kikapu za Bandari huchezea ndani ya jengo. Jengo la namna hiyo lina faida ambayo uwanja wa majani hauwezi kuitoa: saa mbili kwa wiki linaweza kufungwa, akabaki mwalimu wa kike na wasichana wake, na kila mzazi akatulia nyumbani. Kwa mabinti wengi wa Kiislamu saa mbili hizo ndizo mchezo wote.

Isidhaniwe kwamba dini yetu ilitaka kila shughuli iwe na jengo lake. Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akamsitiri Bibi Aisha nyuma yake ili atazame mpaka achoke mwenyewe. Sehemu moja, shughuli nyingi, na sitara ikapatikana papo hapo.

Tulipofika Ndori tukakengeuka kwenda Kogelo. Mama Sarah Obama, ajuza wa Kiislamu aliyetunza mayatima wengi, alifariki Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 99 akazikwa hapo kwa taratibu za dini yake. Tulimwombea dua. Katika kijiji hicho hicho kipo kituo cha Sauti Kuu, kilichoasisiwa na Auma Obama na kufunguliwa Julai 2018, kaka yake Barack akiwa mgeni. Kina viwanja vya michezo na maktaba mahali pamoja, na mpango huo ulitupendeza: mtoto anayekuja kwa ajili ya mpira hulipita kabati la vitabu.

Bondo ni mji mdogo, na chuo kimeupa uhai. Kilianza kama chuo kikuu kishiriki mwaka 2009, kikapata hati yake kamili mwaka 2013. Tulipoingia langoni hatukuweza kuacha kukumbuka tuliyoyaona kwenye televisheni tarehe 19 Oktoba 2025, ibada ya mazishi ya Raila Odinga ilipofanyika katika viwanja hivi kabla ya kuzikwa Kang'o ka Jaramogi, nyumbani kwa baba yake. Ilielezwa kwamba marehemu aliusia azikwe ndani ya saa 72 ikiwezekana. Wengi nchini walishangaa. Nyumbani kwetu mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema huyo alijua.

Siku tuliyofika sisi hapakuwa na hema wala bendera. Vijana walikuwa wakifukuzana na mpira kwenye majani, na kando yao wengine wamelala kifudifudi wakisoma. Mtu asingedhani kwamba viongozi na maelfu ya waombolezaji waliwahi kukusanyika mahali hapo.

Tukiwa katika foleni ya usajili, binti aliwaona wasichana watatu wenye mitandio na mpira wa kikapu mikononi, akatuachia bahasha ya vyeti akawaendea. Walizungumza kwa muda mrefu. Jibu walilompa halikuhusu jengo lolote. Walimwambia wao hucheza mara baada ya Alfajiri, wakiwa wamejistiri, kabla bweni la wavulana halijaamka. Saa hiyo ndiyo mlango wao. Mmoja wao alikuwa mwenyeji wa Mumias, wa pili wa Garissa, wa tatu Mkristo wa hapo hapo Bondo aliyependa tu baridi ya asubuhi na kuazima mtandio ili wafanane.

Alasiri ilitukuta tukiwa kando ya uwanja. Viwanja vya soka aghalabu hulazwa kaskazini na kusini ili jua lisiwapige wachezaji machoni, na wenyeji walituonyesha kaskazini ilipo. Mama alitandika msala sawa na mstari wa pembeni, kama ambavyo angefanya Mombasa. Binti akauinua upande mmoja, akausogeza kidogo kulia.

Kesho kutwa yake, basi letu likipita Naivasha, simu ililia. Anaomba tumtumie kwa basi la usiku viatu vyake vilivyo uvunguni. Tulimkumbusha kwamba ni vya kidato cha pili na mguu umekua. Akasema basi tununue vipya, namba 40, na visiwe vyeupe kwa sababu kule udongo ni mwekundu.