Kitenzi Ambacho Sijakisahihisha

Mpendwa mwanafunzi, juma lililopita nilisahihisha insha kuhusu wasanii na amani. Mmoja wenu aliandika: "Muziki wa Kidum ulimaliza vita vya Burundi." Kalamu yangu nyekundu ilisimama juu ya kitenzi hicho, na daftari lile bado liko mezani kwangu.

Kidum, ambaye jina lake halisi ni Jean-Pierre Nimbona, alizaliwa mwaka 1974 huko Kinama, mtaa unaopakana na Kamenge yetu. Alianza kupiga ngoma angali mtoto. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, vita vilizuka, navyo vikaingia hadi vichochoroni mwetu. Mwaka 1995 Kidum alikimbilia Kenya. Mwaka huohuo nasi tuliihama Kamenge. Nilikuwa na umri wa miaka saba, nikabebeshwa sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva.

Hapa naomba utulie kidogo, wewe unayejifunza lugha. Mara nyingi mnaniandikia kwamba lugha moja huleta umoja, nami huwapa alama zenu. Lakini Warundi tulikuwa na lugha moja, Kirundi, kabla ya vita na wakati wa vita. Aliyekuja kumchukua mtu usiku alibisha hodi kwa Kirundi safi, akajibiwa kwa Kirundi safi. Hatukuuana kwa kukosa mkalimani.

Akiwa ugenini, Kidum alitumia lugha hiyohiyo. Mwaka 2001 alitoa albamu yake ya kwanza, Yaramenje. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa sahihi Agosti 2000, ila risasi hazikuwa zimenyamaza. Wimbo uliobeba jina la albamu ukawa sauti ya Warundi waliotamani suluhu. Baadaye Kiswahili kilimfikisha mbali zaidi: aliimba "Nitafanya" na Lady Jaydee wa Tanzania, na "Haturudi Nyuma" na Juliana Kanyomozi wa Uganda. (Kitazame kitenzi "haturudi": irabu ya mwisho haibadiliki katika ukanushi, kwa kuwa "rudi" ina asili ya Kiarabu. Swali hili hupenda kuja kwenye mtihani.)

Sasa nikwambie ninalolijua mwenyewe. Tuliporudi Kamenge, tuliukuta mlango wa nyumba yetu umefungwa kwenye nyumba ya jirani. Baba hakuudai, na jirani hakueleza. Miaka ikapita wasisemeshane. Ndipo ikaja harusi moja mtaani, na wimbo ule ukapigwa. Wazee wote wawili walinyanyuka, wakacheza hatua chache wakitazamana, kisha kila mmoja akarudi kwenye kiti chake pasipo neno.

Mlango wetu ungali kwa jirani. Huupita kila asubuhi niendapo shuleni. Ila tangu harusi ile, mzee yule akitoa salamu, baba huitikia.

Basi nimelikata neno "ulimaliza". Nilijaribu "ulipunguza", nikalifuta. Nikajaribu "ulisaidia", nikaliona la kivivu. Jumatatu mwenye daftari atalitaka. Wewe ungeandika kitenzi gani?