Jino la Arobaini na Saba



Sisi wafratera sita tuliopangiwa karakana mwaka huu tulidhani tumepata kazi nyepesi kuliko wenzetu wa zizini. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri hata mvua ikinyesha, lakini mashine huzimwa jioni. Hatukujua kwamba mashine nayo inaweza kumnyima mtu usingizi.

Akina mama wa kigango kimoja jirani wana mashine ya kukamua alizeti. Wakati wa mavuno, magunia yakiwa yamepangwa hadi mlangoni, gia yake kubwa ilivunjika meno. Madukani haikupatikana nyingine. Wakachangishana, wakanunua kipande cha chuma cha duara, wakatuletea pamoja na ile gia mbovu. Tulihesabu meno yaliyobaki na visiki vya yaliyovunjika, yakawa 47.

Mashine yetu ya kuchonga chuma ni ya zamani, ila imefungwa mota na kuunganishwa na kompyuta. Juu yake kuna meza ndogo inayozungusha chuma. Kisu kikipita huacha nafasi kati ya jino na jino, kisha kompyuta huzungusha meza kidogo na kisu kupita tena. Lakini kwanza ni lazima kompyuta ifundishwe digrii moja ni kiasi gani. Mota yetu hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kila hatua tumeigawa mara 10, na meza hupunguza mwendo mara 90. Hivyo mzunguko mzima wa meza ni mapigo 180,000, sawa na 500 kwa kila digrii. Tuliandika 500 kwenye programu, tukakwaruza alama kwenye meza, tukaamuru digrii 360. Alama ikarudi palepale. Tukapigiana makofi.

Vipimo vingine tulivipata kwenye gia ya zamani. Ukubwa wa meno ulikuwa moduli 3, hivyo upana wa gia nzima ni milimita 147 na kina cha kila nafasi milimita 6.75. Kisu chake ni namba 6, kinachofaa gia za meno 35 hadi 54. Yote hayo tuliyapima mara mbili mbili.

Kisha tukachukua simu, tukagawa 360 kwa 47. Ikatoka 7.659574 na tarakimu nyingine nyingi. Tukaandika 7.7. Tofauti ilikuwa digrii 0.04 tu, nani angeiona?

Tuliiona jioni. Meno yalitoka yakimetameta, moja baada ya jingine, mpaka kisu kilipokaribia mahali kilipoanzia. Jino la mwisho lilitoka jembamba, karibu nusu ya wenzake.

Tuliilaumu mashine kwanza. Tukasema mota imeruka hatua, tukausingizia na umeme. Tukarudia jaribio la digrii 360, na alama ikarudi palepale kama mwanzo. Mashine ilikuwa imetutii kikamilifu. Kosa letu dogo imelirudia kila ilipozunguka, bila kuuliza.

Ndipo mmoja wetu akasema tulipige tupa jino lile na majirani zake, tupake mafuta, tukabidhi. Gia ingezunguka. Ingevunjika baadaye, na baadaye nani angekumbuka? Ni aibu kuandika kwamba hakuna aliyempinga. Tuliifunika gia kwa gunia, tukaenda Masifu ya Jioni, tukaimba kama kawaida.

Usiku, kabla ya kulala, tuna desturi ya kutafuta dhamiri kwa kimya. Usiku ule kimya kilikuwa kirefu. Tulipotoka kikanisani hatukuambizana neno, lakini wote sita tulijikuta mlangoni kwa Bruda msimamizi wa karakana.

Hakutukaripia. Alichukua penseli, akazidisha 0.04 kwa 47, akapata karibu 1.9. Akatueleza kwamba kwenye mzingo wa gia ile, digrii 1.9 ni zaidi ya milimita mbili, yaani nusu ya jino. "Kila jino mmelipima kutoka jino lililotangulia," alisema, "kwa hiyo kila jino limerithi kosa la mwenzake na kuongeza la kwake. Pimeni kila jino kutoka sifuri." Kisha akatusimulia habari za Richard wa Wallingford, mtoto wa mhunzi, aliyekuwa abate wa St Albans huko Uingereza kuanzia 1327 hadi alipofariki 1336. Abate huyo alibuni saa kubwa ya magurudumu ya meno iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, na hakuwa na kompyuta.

Jumapili, baada ya Misa kigangoni, tuliwaonyesha akina mama ile gia. Mwenyekiti wao alilipapasa jino la mwisho kwa kidole gumba. "Wanangu," alisema, "mngetufungia hii, ikavunjika tena, tungesema ni mapenzi ya Mungu." Hatukuwa na la kujibu.

Chuma cha pili tulikinunua wenyewe, kwa fedha za sungura wetu. Safari hii kompyuta ilikokotoa yenyewe. Kwa kila nafasi ilichukua namba yake, ikazidisha kwa 360, ikagawa kwa 47, ikihesabu daima kutoka sifuri. Kosa lolote lililobaki halikufikia pigo moja la mota, wala halikurithiwa na jino linalofuata. Tuliizungusha meza upande mmoja tu, kwa sababu ina plei kidogo, na ukiirudisha nyuma inakudanganya. Jino la 47 lilitoka sawa na la kwanza. Alizeti imekamuliwa.

Gia ya kwanza tumeitundika mlangoni mwa karakana. Tukiitazama tunakumbuka jinsi tunavyojipima. Leo tunajilinganisha na jana, tunajiona hatujabadilika sana, na kesho tunajilinganisha na leo. Sala imepungua dakika mbili tu, ukweli umepindishwa kidogo tu. Ndiyo maana Mama Kanisa hutaka turudi kila mara mwanzo, kwenye ahadi zetu za ubatizo na kwenye kitubio. Usiku wa leo, mpendwa msomaji, usijipime kwa jana. Anza kuhesabu kutoka sifuri.