Hesabu Zetu Mpaka Dodoma

Nilikuwa sijawahi kufika Dodoma. Bodi ya shirika letu la kusaidia watoto wenye ulemavu iliniteua mimi, mweka hazina mpya, nifuatane na mwenyekiti wetu kwenye mafunzo ya viongozi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Tulikutana alfajiri Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam, kupanda treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hesabu umezibeba?"

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Kabla hatujapita Pugu, ripoti ya mkaguzi ilikuwa imefunguliwa mezani. Imeandikwa kwa Kiingereza. Akaniambia nimweleze kwa Kiswahili, kama ninavyomweleza mama anayemleta mtoto wake kituoni.

Nikaanza na jumla ya mapato. Akanizuia. "Anza na fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu. Za viti vya magurudumu haziendi kulipa kodi ya ofisi, hata kwa mkopo wa wiki moja." Kisha akauliza nani anaandaa hati ya malipo, nani anaidhinisha, nani anasaini hundi. Hayo yasiwe mikononi mwa mtu mmoja.

"Na ndugu wa mjumbe wa bodi akiomba tenda?"

"Mjumbe atatamka undugu huo, atatoka nje, na muhtasari wa kikao utaandika kwamba alitoka."

"Kwani Mwalimu, hatuaminiani?"

"Tunaaminiana. Muhtasari unamlinda mwema asisingiziwe."

Milima ya Uluguru ilitokea tukikaribia Morogoro, nami nikaitazama kwa furaha ya mgeni. Mbele ya Kilosa treni ikaingia kwenye mahandaki, ikatoka, ikaingia tena, na Mwalimu bado anaeleza: bodi inaajiri mkurugenzi, inapitisha bajeti, inapima kazi yake, lakini haimwingilii katika ununuzi wa kila siku. Bodi inayoshika kila kitu hubaki bila wa kuisimamia.

Tulifika Dodoma baada ya saa tatu na ushee. Upepo mkavu, anga pana. Kwenye mafunzo tulisoma Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002. Inalitaka shirika litoe ripoti ya shughuli kila mwaka, na ripoti ya mkaguzi wa kujitegemea ipatikane kwa wananchi. Hapo nikaelewa zoezi la kwenye treni. Ripoti isiyosomeka kwa mama yule imekaguliwa, lakini bado haijamfikia mwenye haki nayo.

Katika kikao kilichofuata nilipendekeza, na bodi ikapitisha, kwamba kila mwaka tubandike kituoni na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ukurasa mmoja wa Kiswahili: tulipokea kiasi gani, kutoka kwa nani, kimefanya nini, kimebaki kiasi gani. Chini yake tumeandika siku ambayo mzazi yeyote anaweza kuja kuuliza, na mweka hazina atakuwepo kujibu.