Mto wa Kwetu Bwera

Kwetu ni Bwera, wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mto Lhubiriha unateremka kutoka milimani na kupita Mpondwe, penye soko. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka upite hapo. Tangu hapo sisi ni Wakonzo wa Uganda, na ndugu zetu wa Kasindi ni Wanande wa Kongo, ingawa lugha ni karibu moja. Bibi yangu aliolewa huku kutoka ng'ambo. Kwake mto ulikuwa njia tu, hadi mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona. Dada yake alifariki Kasindi. Bibi akamlilia kwa simu, amesimama ukingoni. Shuleni niliuchora mpaka ule mara nyingi. Siku hiyo ndipo nilipouona.